Bi mkubwa anakuja Japani Julai: Kamikochi, Oze au Tateyama kwa basi?

Nuru_Omiya

Wakuu, habari za humu. Mama yangu anatoka Moshi, atakuwa nami hapa Omiya, Saitama, kuanzia katikati ya Julai hadi kabla ya Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wahenga katikati ya Agosti. Joto la huku mnalijua, na sitaki ashinde ndani kwenye kiyoyozi akitazama ukuta wa jirani. Nawaza zile ziara za basi za kiangazi: linawachukua asubuhi, linawapandisha milimani, mnatembea kwenye maua na mito, usiku mko nyumbani.

Ana miaka 66. Kazaliwa Marangu kwa hiyo mlima haumtishi, ila goti la kushoto linamsumbua, hasa akishuka. Kijapani hajui hata salamu. Vipeperushi nilivyokusanya vimenibakiza na tatu: Kamikochi, Oze na njia ya Tateyama Kurobe. Picha zote zinavutia. Waliofika naomba mnisaidie: ipi ni ya kutembea kweli na ipi ni ya kukaa kwenye kiti?

Mzee_wa_Shinshu

Binti, mpe mama shikamoo yangu. Jibu ni Kamikochi.

Ni bonde lililo kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mto Azusa unapita katikati, maji meupe mpaka unahesabu kokoto. Ukisimama kwenye daraja la Kappa unaiona safu ya Hotaka yote mbele yako. Kilele chake kikubwa, Oku-Hotaka, kina mita 3,190, na Julai mabaka ya theluji bado yapo kwenye mikunjo. Lakini bonde lenyewe ni tambarare. Kwa mtu wa goti hilo ndilo la kuangalia kuliko yote: anauona mlima mrefu bila kupanda wala kushuka. Magari binafsi hayaingii. Ni basi au teksi tu, kutokea Sawando upande wa Nagano au Hirayu upande wa Gifu, kwa hiyo hata mwenye gari la kifahari atapanga foleni na nyinyi.

Mkishafika, shukeni Taisho-ike, msiende hadi kituo cha mwisho. Ziwa hilo lilitokea mwaka 1915, volkano ya Yakedake ilipolipuka na tope lake likaziba mto. Kutoka hapo hadi daraja la Kappa ni saa moja hivi, saa moja na nusu kwa wapiga picha. Nguvu zikibaki, endeleeni hadi Myojin, saa nyingine moja kwenye msitu wenye kivuli. Mkikutana na nyani wa kule wenye nyuso nyekundu, piteni tu, msiwape chakula wala kuwakodolea macho.

Kasoro yake ni umbali. Kutoka Tokyo weka saa tano kwenda na tano kurudi, na foleni ya barabara ya Chuo siku ya Jumapili jioni sijaihesabu. Ziara nyingi za siku moja zinafika mchana na kuondoka alasiri. Mama atatembea saa tatu na kukaa kumi. Kama unaweza kulala usiku mmoja, lala.

wambui_gunma

Sasa Nuru! Mzee anapigia debe kwake Nagano na mimi napigia kwangu Gunma, basi tumelingana 😄

Uko Omiya, na Oze ni barabara ya Kan-Etsu moja kwa moja hadi Numata, kisha milimani hadi Tokura. Hapo kwa kawaida mnahamia basi dogo hadi Hatomachi-toge. Saa za kukaa zinapungua sana ukilinganisha na Kamikochi. Na kule kutembea ni kutembea: Ozegahara ni kinamasi kikubwa kwenye mita 1,400, unapita juu ya njia ya mbao mbili sambamba, kila mtu upande wake wa kulia, na huku mlima Shibutsu nyuma yako na mlima Hiuchigatake mbele. Hakuna duka la zawadi kila hatua. Hakuna hata pipa la taka. Watu wa Oze ndio walioanzisha tangu 1972 utaratibu wa kila mgeni kurudi na taka zake, kwa hiyo beba mfuko. Vyoo vina kisanduku cha sarafu mlangoni.

Usidanganywe na picha za maua meupe kwenye vipeperushi. Hayo ni mizubasho, yanachanua mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni, na mama atakuwa bado Moshi. Julai ni zamu ya maua ya njano, nikko-kisuge. Miaka hii kulungu wanayala sana, kwa hiyo msitegemee zulia la njano la kwenye kalenda.

Sasa goti. Hatomachi-toge iko mita 1,591, kwa hiyo safari inaanza na kushuka kilomita 3.3 hadi Yamanohana, mawe na ngazi za mbao, asubuhi bado kuna umande na mbao zinateleza. Kurudi ndiyo kupanda, na basi linawasubiri kwa saa maalumu. Nimeona wazee wa miaka 75 wanafanya bila shida, lakini hao Wajapani wanatembea hivyo kila wiki.

Nuru_Omiya

Dada Wambui umenivunja moyo na kunisaidia kwa pamoja. Kushuka kilomita tatu mfululizo asubuhi ndiyo kitu daktari wake amekataza. Tateyama hakuna aliyeenda?

Kaka_Mizigo

Nimeenda, katikati ya Agosti, tena wiki ya Obon, kwa hiyo nisikilize kwa tahadhari.

Njia ile ilifunguliwa yote mwaka 1971, inavuka milima kutoka Toyama hadi Nagano. Kinachouzwa pale ni kupanda na kushuka vyombo. Ukianzia Ogizawa: basi la umeme ndani ya handaki, unatembea kwa miguu juu ya bwawa la Kurobe, treni ya kamba chini ya ardhi, kisha kibanda kinachoning'inia kwenye waya kilomita 1.7 bila nguzo hata moja katikati, handaki tena kwa basi, ndipo ukafika Murodo, mita 2,450. Halafu basi jingine na treni nyingine ya kamba kushuka upande wa Toyama. Kila kituo foleni, na kiongozi wa ziara na bendera yake anawahesabu kama kuku.

Bwawa lenyewe linastahili. Ukuta wa mita 186, mrefu kuliko yote Japani, ulikamilika 1963 na uliua wafanyakazi 171. Kiangazi wanafungulia maji, na upinde wa mvua unakaa pale chini. Mama akikuta ngazi 220 za kwenda juu kwenye roshani ya kutazamia, mwambie abaki chini, ukutani panatosha.

Kutembea kwenyewe ni Murodo tu, mzunguko wa ziwa Mikurigaike, saa moja hivi, njia ya mawe yenye vingazi vingi. Ukungu ukishuka huoni kitu, na nauli ya kuvuka peke yake inapita yeni 10,000. Kwa swali lako la kutembea au kukaa: hii ni ya kukaa. Ila ya kukaa vizuri.

chipukizi_chiba

Mbona hamjataja basi la usiku? Kuna la kutoka Shinjuku, Tokyo, moja kwa moja hadi Kamikochi, unaondoka usiku unafika alfajiri. Unapata siku nzima bondeni, na hela ya hoteli inabaki mfukoni. Pale alfajiri ukungu uko juu ya Taisho-ike, watu ni wachache. Kwa maoni yangu hakuna saa nzuri kuliko hiyo.

Mzee_wa_Shinshu

Kwako wewe kijana, sawa. Mama wa miaka 66 alale kwenye kiti, ashushwe saa kumi na moja na nusu kwenye baridi ya nyuzi 10, halafu atembee na goti lililokunjwa usiku kucha? Hapana.

Siogopi usalama wa basi. Baada ya ajali ya Aprili 2012 kwenye barabara ya Kan-Etsu, abiria 7 walipofariki, sheria ilikazwa. Zamani dereva mmoja aliruhusiwa kilomita 670, sasa usiku ni 400 kwa kawaida. Ninachoogopa ni goti.

Bwana_Karafuu

Assalaam alaykum. Nyote mmezungumza milima, hakuna aliyeuliza mama atakula nini. Dada Nuru, kama nyinyi ni Waislamu, bento, yaani chakula cha boksi, ya ziara iulizie kabla ya kulipa. Hata samaki na mboga huenda vimepikwa na mirin, kiungo kitamu cha mchele ambacho kina kileo, na nguruwe anajificha kwenye mchuzi. Mimi hujibebea onigiri, matonge ya wali, kutoka nyumbani, nikafika mlimani nikanunua matunda tu. Wali wenye samaki wa chumvi kando ya mto ni chakula cha heshima.

La pili: ziara za kulala karibu zote zinakupeleka onsen, bafu za maji moto ya asili, na bafu la pamoja unaoga uchi, wanawake na wanawake. Mama yangu mimi angerudi Pemba siku hiyohiyo. Nyumba nyingi za wageni zina bafu la kukodi kwa familia, mnafunga mlango. Uliza wakati wa kuweka nafasi.

Nuru_Omiya

Sisi ni Walutheri, kaka, lakini la kuoga nimelipokea kwa mikono miwili 😂 Bi mkubwa hata kwa daktari anavua kwa masharti.

Swali: kuna mtu kanitajia Norikura na Senjojiki, kwamba basi au waya unakufikisha juu kabisa. Je?

Kaka_Mizigo

Zinakufikisha kweli. Kituo cha basi cha Tatamidaira kule Norikura ni mita 2,702, hakuna basi linalopanda juu zaidi nchini. Karibu sawa na kambi ya Mandara pale Kilimanjaro, ila mama wa Marangu angefika Mandara kwa miguu na huku anafika kwa siti. Senjojiki ni waya kutoka mita 1,662 hadi 2,612 kwa dakika saba na nusu, na juu kuna mzunguko mfupi wa maua usiozidi saa moja. Maua ya Senjojiki mwisho wa Julai yanayashinda ya Oze, samahani Wambui. Kwa mwenye presha ningefikiri mara mbili, kupanda ghafla hivyo kunaleta kichwa kuuma.

wambui_gunma

Sijaumia 😄 Lakini Nuru, kama unataka mbao na kinamasi bila kile kishuko, kuna Senjogahara pale Nikko. Pia iko mita 1,400 hivi, basi la kawaida kutoka stesheni ya Nikko linapanda kona za Irohazaka hadi Akanuma. Njia karibu yote ni tambarare hadi maporomoko ya Yudaki, saa mbili na nusu kwa mwendo wa mama. Treni kutoka kwako, unarudi jioni hiyohiyo, bila bendera ya kiongozi.

Nuru_Omiya

Nimeamua. Nikko wiki ya kwanza, kumpima goti na kumzoesha. Likikubali, Kamikochi kwa ziara ya kulala usiku mmoja, Jumanne na Jumatano, wiki ya mwisho ya Julai mvua za msimu zikiwa zimeisha. Tateyama nitaenda mwenyewe siku nyingine, na foleni zake.

Mzee_wa_Shinshu

Umepanga vizuri. Wiki hiyo chukueni koti la mvua hata kama utabiri unaonyesha jua. Bonde lile mvua ya alasiri haipigi hodi. Kengele za kufukuza dubu mtaziona zinauzwa, moja kwenye mkoba inatosha. Na mkijitenga na kikundi, tiketi za namba za basi la kurudi zichukueni mapema mchana pale kituoni. Saa tisa foleni inakuwa imefika chooni.