Tupeane uzoefu: CD mbovu inaweza kuua draivu ya kompyuta?

Mwana wa Chumbageni

Habari za jioni wakuu.

Nina boksi la viatu lenye CD 34. Ni za nyumbani Tanga: maulidi, kaswida, picha za shule, na VCD tatu za harusi ya dada yangu ya mwaka 2004. Bibi yetu, ndiye aliyetulea, yumo kwenye ile ya pili akiwatunza maharusi. Ameshatangulia mbele ya haki, na hatuna pengine popote anapoonekana akitembea wala anaposikika sauti yake.

Laptop yangu haina sehemu ya CD, kwa hiyo nimeazima draivu ya nje ya USB kwa jirani hapa Dar. CD ya kwanza ikaunguruma, ikatulia, ikaunguruma tena, haikusoma. Ya pili hivyo hivyo. Jirani aliposikia akaja akaichomoa mwenyewe: "Mwanangu, CD zako zitaniulia draivu." Sikubishana naye, mali ni yake na ni mtu mzima. Ila nataka kujua ukweli kabla sijamwomba tena. CD iliyokwaruzika, yenye ukungu au yenye ufa, inaharibu draivu kweli? Naomba aliyeona kwa macho yake aseme alichokiona. Za "nimesikia" nimeshazisikia za kutosha.

Fundi Nyuma ya Soko

Pole kwa msiba wa bibi, mkuu. Mimi nafungua draivu tangu 2003, nitakwambia ninachokikuta ndani.

Tuanze na mikwaruzo. Lenzi ya draivu haigusi CD, si kama sindano ya santuri. Ni kitone kidogo kama punje ya dengu, kinaning'inia kwenye nyaya nyembamba kama unywele, na kati yake na CD kuna nafasi ya milimita moja hivi. Kinachopanda na kurudi ni mwanga tu. CD ikiwa imekwaruzika, mwanga unatawanyika, draivu inapunguza mwendo, inarudia, lenzi inapanda na kushuka ikitafuta pa kulenga. Huo ndio muungurumo uliousikia. Inahangaika, lakini haijaumia. Ukiiacha ihangaike hivyo masaa na masaa kila siku utaichosha mota na leza, hilo sibishi. Ila CD moja mbili zikigoma, sijaona draivu iliyokufa kwa hilo.

Ufa ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2007 mwalimu mmoja aliniletea kompyuta ya mezani, trei haifunguki. Draivu yenyewe 52x, yaani ya kusoma kwa kasi hadi mara 52 ya ile ya kawaida ya CD. Niliitikisa, ikalia kama njuga. Kufungua bati la juu nikakuta CD imekuwa vipande, vingine virefu vyenye ncha, vingine chenga kama chumvi ya mawe, na ile ngozi ya fedha imetapakaa ndani kama magamba ya samaki. Kipande kimoja kilikuwa kimechoma mlango wa trei kwa ndani. Kingine kimejibana kwenye reli, na lenzi imeng'oka inaning'inia kwa waya mmoja. Nilipomuuliza akakumbuka: CD ile ilikuwa na kiufa kwenye tundu la katikati, kwa kuing'oa kila siku kwenye kasha linalobana.

Piga hesabu. Draivu ya 52x ikifika kasi yake ya juu inazungusha CD karibu mara 10,000 kwa dakika. CD ina upana wa sentimita 12, kwa hiyo ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Plastiki yenye ufa haivumilii mwendo huo. Bati lilizuia vipande visimfikie mwalimu usoni, lakini draivu haikutengenezeka tena.

Mama Stationery

Shikamoo fundi, umesema kweli tupu. Mimi nimechoma CD za watu miaka minane: mahubiri, harusi, kwaya. Kilichoniulia draivu ni stika za karatasi. Wateja walipenda CD yenye picha ya maharusi juu, basi nikawa naprinti stika na kubandika kwa mkono. Ikikaa upande kidogo tu, CD inakuwa na uzito upande mmoja, draivu inatetemeka mpaka meza inalia. Siku moja ya joto kali gundi ikalainika CD ikiwa ndani, stika ikanyanyuka ukingoni, ikajikunja, ikanata juu. Trei ikagoma. Nikaivuta kwa nguvu, nikavunja jino la gia.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi. Ile stika iliyobaki nikaibandua nikidhani naiokoa CD. Ikaja na ngozi ya fedha. Nikainua CD kwenye taa nikaona ng'ambo ya pili. Watu tunalinda ule upande wa chini unaong'aa, kumbe kwenye CD data imekaa juu, chini tu ya rangi ya upande wa maandishi. DVD afadhali, ni sahani mbili za plastiki za milimita 0.6 zilizogundishwa, data iko katikati. Ile CD ilikuwa nakala pekee ya mazishi ya baba wa mteja wangu. Nilimfuata nyumbani kumwambia mwenyewe.

Abiria wa Ngara

Niko Nairobi. Nimecheza CD zilizokwaruzika kama zimeburutwa kwa lami, na draivu ni ile ile tangu 2009. Iliyotangulia iliuliwa na vumbi. Ilikuwa ya laptop, na kwenye laptop nyingi lenzi hutoka nje pamoja na trei. Nilizoea kuiacha wazi. Kabla hujalaumu CD, ichungulie lenzi yako kwanza.

Zamani Cyber

Wakuu, kuna ugonjwa ambao wengi tuliudhania ni kifo cha draivu. Nilikuwa na kafe ya intaneti Mwanza, mashine sita za Windows XP. Mteja anakuja na CD imechubuka, inagoma, anaitoa, anaenda zake. Kuanzia hapo draivu inakuwa nzito. CD mpya kabisa inachukua nusu saa kunakiliwa, kipanya kinakwamakwama, muziki unakatika. Nikabadilisha draivu mbili, nikaandika kwenye daftari la gharama: "CD za wateja."

Kumbe ni Windows yenyewe. Makosa ya usafirishaji wa data yakijumlika kufika sita, inashusha daraja la mwendo, na yakiendelea inashusha tena, mpaka inatoka DMA, ambako data huingia kwenye kumbukumbu moja kwa moja, na kuishia PIO, ambako kila kinachosomwa lazima kipite mikononi mwa prosesa. Na hairudi juu yenyewe hata CD mbovu ikishatoka. Dawa yake ni kuingia kwenye orodha ya vifaa, kuifuta ile njia ya IDE, yaani kiunganishi kilichobeba draivu, na kuwasha kompyuta upya. Windows inaisajili tena na kasi inarudi. Nilikuja kulijua hili baada ya mwaka mzima. Zile draivu mbili nilizotupa zilikuwa nzima, na pesa yake ilikuwa kodi ya mwezi.

Mtumiaji wa Linux, Dodoma

Nyongeza kwa Zamani Cyber, maana CD inaweza kuwa safi kama kioo na bado ikaua. Mimi halikunikuta, ila ni jambo lililoandikwa sana wakati wake. Oktoba 2003 lilitoka toleo la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, liitwalo Mandrake 9.2. Watu waliolisimika kwenye kompyuta zenye baadhi ya draivu za CD za LG walikuta draivu zimekufa kabisa. Linux ile ilikuwa inatuma amri ya kumwaga kumbukumbu ya muda, amri yenye maana kwa draivu za kuandikia. Zile draivu za kusoma tu zikaichukua kuwa ni amri ya kubadilisha programu yao ya ndani. Hakuna mkwaruzo wala ufa, amri moja tu.

Halafu 2005 zikaja CD za muziki za Sony BMG zilizokuwa zinapenyeza kimyakimya kwenye Windows programu ya kuzuia kunakili, iitwayo XCP. Aliyejaribu kuing'oa kwa mkono alikuta draivu ya CD imetoweka kwenye kompyuta. Chuma kizima, lakini Windows haikioni. Kampuni ililazimika kuzirudisha CD zile kutoka madukani. Kwa hiyo mtu akisema "CD imeua draivu yangu", mimi humuuliza kwanza: imekufa, au haionekani?

Mama Wawili

Yangu fupi. Mwanangu aliingiza CD ndogo ya sentimita 8 kwenye kompyuta isiyo na trei, ile ya kumeza. Ikamezwa, haikutoka. Fundi alipofungua, lenzi ilikuwa salama ila roli la kuvutia CD lilikuwa limeharibika. Trei ina kiduara cha kulaza CD hizo ndogo. Mdomo wa kumeza hauna.

Mwana wa Chumbageni

Nashukuruni sana, nimesoma yote mara mbili. Jana usiku nimezipitisha CD zote kwenye mwanga wa taa. 31 zina mikwaruzo au ukungu tu. Mbili zina stika. Moja ina ufa, na ni VCD ya pili, ile ya bibi. Ufa unaanzia ukingo wa nje kuja ndani, nimeupima kwa rula: sentimita 1.3. Kuna mtu kanishauri nibandike selotepu ili isipasuke. Mwingine kasema zilizokwaruzika nizipake dawa ya meno. Fundi unasemaje?

Fundi Nyuma ya Soko

Selotepu usithubutu. Ni yale yale ya stika ya Mama Stationery, uzito upande mmoja na gundi ndani ya joto. Dawa ya meno inasugua kweli mkwaruzo mwepesi, lakini mabaki yake yakirukia kwenye lenzi utakuwa umemfanyia jirani yako jambo baya. Anza na maji ya uvuguvugu na tone la sabuni. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Acha ikauke kabisa ndipo uiweke. Zenye stika usizibandue.

Ya bibi usiitie kwenye draivu ya kompyuta hata mara moja. Tafuta deki. Deki inapocheza VCD inazungusha kwa mwendo wa kawaida, mara 500 hivi kwa dakika mwanzoni, ikishuka mpaka kwenye 200 kuelekea mwisho. Na CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo ufa wa ukingoni haujagusa mwanzo. Unganisha deki na kompyuta kwa kifaa cha kunasa video, zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Anza kurekodi kwanza ndipo ubonyeze kucheza. Ikiganda, zima hapo hapo, usirudishe nyuma wala usijaribu mara ya pili.

Mwana wa Chumbageni

Wakuu, narudi na majibu baada ya siku nne.

Nilimsomea jirani maelezo ya fundi, akanirudishia draivu kwa zile 31 na akakaa pembeni akisikiliza. Baada ya kuziosha zimenakilika 27, nne zimegoma. Draivu ni nzima, ameichukua na ameijaribu mbele yangu.

Deki nimeipata kwa shangazi Temeke. Zenye stika zote mbili zimecheza mpaka mwisho. VCD ya pili nimeiweka leo baada ya magharibi, dada akiwa amekaa nami. Bibi anaingia dakika ya 33, amejifunga kanga, noti mkononi, anapiga vigelegele karibu kabisa na kamera mpaka sauti inakwaruza. Anawatunza maharusi, anasema jambo na bwana harusi, anacheka, anaondoka upande wa kushoto. Dakika ya 41 picha ikaanza kuwa vijisanduku, ikaganda. Nikazima hapo hapo.