Figa za masupahiro wa komiki za zamani, nyie mnazipimaje?

KurasaZaKale
Wakuu salama? Nimeanza kukusanya figa za masupahiro, vile visanamu vyenye viungo, ila sio hizi za kufuata muvi, mimi nazitaka zile zinazofuata komiki za kale, za miaka ya 60 mpaka 80 hivi. Sasa hivi mezani nina tatu za inchi sita: Daredevil wa nguo za njano, Hulk wa kijivu, na Spider-Man ambaye boksi lake linasema tu ni wa kizamani, halisemi wa mwaka gani wala mchoro wa nani.

Shida yangu ni hii, kila nikisoma watu wanavyozipa alama naona wanaongelea viungo tu, mara kiwiko kinakunja mara mbili, mara goti halionyeshi pini, haya sawa, lakini unaweza kuwa na figa inayojikunja kama mwanasarakasi halafu ukimwangalia usoni humjui ni nani. Kwa hiyo nauliza, nyie mkishika figa ya namna hii mnaanza kuangalia wapi? Na huyu Hulk wa kijivu kuna jamaa kaniambia rangi hiyo ni ya kubuni tu, kampuni imebadilisha rangi ili iuze figa ileile mara ya pili. Kuna ukweli hapo?

BiWino
Mwambie jamaa yako akatafute toleo la kwanza la The Incredible Hulk la Mei 1962. Hulk alikuwa wa kijivu. Ila mitambo ya uchapaji ya wakati ule ilishindwa kuishika ile kijivu, ukurasa huu anatoka mweusi, ukurasa ule anapauka, na sehemu nyingine anakuwa na ukijani kabisa, basi toleo la pili wakaamua awe kijani moja kwa moja. Kwa hiyo rangi sio ya kutunga. Ingawa na jamaa naye simlaumu sana kwa sababu ni kweli kampuni zinapenda kupaka upya kalibu ya zamani na kuiita figa mpya, ndio maana hapo usiishie kwenye rangi, angalia kichwa. Hulk wa mchoraji Jack Kirby wa 1962 ana paji la uso zito limetokeza mbele, nywele fupi zimelala, uso wa kutisha. Hulk wa kijivu alirudi tena mwaka 1986, huyo ni mtu mwingine kabisa kwa tabia, baadaye akawa anavaa suti na kofia anajiita Joe Fixit. Sasa kama figa yako ina kichwa kilekile cha Hulk wa kijani anayepiga kelele, wamempaka kijivu tu, hapo jamaa yako ameshinda nusu ya ubishi.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza pia. Mimi sipimi figa dhidi ya "Spider-Man", kwa sababu hakuna Spider-Man mmoja. Napima dhidi ya mchoraji. Spider-Man wa Steve Ditko, yaani kuanzia Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, ni kijana mwembamba, mabega madogo, buibui wa kifuani ni mdogo, na chini ya kwapa ana utando. John Romita alipompokea kwenye toleo la 39 la 1966 mwili ukajaa, akawa mtanashati. Todd McFarlane akaja 1988 akampa macho makubwa yanayochukua nusu ya uso na ile nyuzi ya kurushia ikawa imesokotwa sokotwa. Sasa ukikuta figa ina utando wa kwapani, mwili wa mnyanyua vyuma, na macho ya McFarlane, hiyo sio ya zamani, hiyo ni mchanganyiko. Inaweza kuwa nzuri kuitazama sikatai, ila boksi lisiseme inafuata komiki fulani.

JointiKwanza
Dada BiWino nakuheshimu lakini hapa tutagombana kidogo 😄 Mchoraji wa komiki hachori mtu amesimama wima mikono ubavuni. Huyo Ditko unayemsema, nusu ya kazi yake ni pozi, Spider-Man amechuchumaa magoti yamepita mabega, vidole viwili vya kati vimekunjwa, mgongo umepinda. Figa ikiwa na uso sahihi kwa asilimia mia halafu haiwezi kuchuchumaa hivyo, mimi sioni imefuata komiki gani. Kwa hiyo viungo ni sehemu ya ufanano, sio kitu cha pembeni.

Ninavyofanya mimi, natafuta paneli moja au kava moja halafu najaribu kumweka figa kwenye pozi hilohilo. Hulk haihitaji mengi. Captain America wa Kirby anahitaji bega linaloingia ndani ili ngao ije mbele ya kifua, bila hiyo ngao inabaki ubavuni na pozi linakufa. Halafu naangalia kiungo kimeharibu nini, maana kila kiungo kinakata mwili. Kile cha tumboni kwa mfano, kwa Spider-Man sawa tu mistari ya utando inakificha, lakini kwa mtu mwenye kifua wazi kama Namor unaona mkato katikati ya mbavu na hapo afadhali wangepunguza. Hizi za sasa zisizo na pini kwenye goti na kiwiko zimesaidia sana kwa masupahiro wa kale kwa sababu nguo zao ni rangi moja tambarare, hakuna mifuko wala mikanda ya kuficha kitu, pini ya rangi tofauti inaonekana ukiwa mlangoni.

Kitu kingine watu wanakisahau ni UREFU. Figa za inchi sita ni moja ya kumi na mbili, basi chukua urefu wa mhusika kwenye komiki ugawe kwa 12. Wolverine ni futi tano na inchi tatu, sentimita 160 hivi, figa yake inatakiwa iwe sentimita 13 na kidogo. Zipo nyingi tu zinazolingana bega kwa bega na Cyclops, mwenzake aliye mrefu, nguo safi, kucha safi, ila sio Wolverine huyo. Rula yako ndiyo hakimu hapo.

KurasaZaKale
Asanteni sana, hii ya kugawa kwa 12 sijawahi kuisikia popote. Nimemtoa Spider-Man nimemwangalia upya. Utando wa kwapani hana. Macho ni ya wastani, mstari mweusi wa kuzunguka ni mnene, mwili umejaa kifua. Buibui wa kifuani mdogo. Bluu yake ni ile ya kung'aa, hakuna nyeusi. Ni wa Romita huyo au?

BiWino
Kwa maelezo hayo ndio, anaelekea Romita. Na hiyo bluu ndiyo inanithibitishia zaidi, maana kwa Ditko sehemu kubwa ya bluu ilikuwa nyeusi yenye mng'ao wa bluu, wino mzito kila mahali, kadiri miaka ilivyokwenda ile nyeusi ikapungua akabaki bluu. Batman hivyohivyo, joho lake la bluu lilitokana na nyeusi inayong'arishwa kwa bluu ili isionekane shimo kwenye karatasi.

JointiKwanza hoja ya pozi nakukubalia. Ila kuhusu rangi nina ugomvi na watengenezaji, sio na wewe. Komiki za wakati ule zilichapwa kwa wino wa rangi nne kwenye karatasi ya bei rahisi, kivuli alikiweka mchoraji kwa mistari ya wino, rangi yenyewe ilikuwa bapa. Sasa kuna figa wanapuliza kivuli cha kahawia kwenye kila msuli, eti ionekane hai. Kwenye nguo ya njano ya Daredevil matokeo yake ni kama ameanguka kwenye tope. Mimi figa inayopakwa rangi bapa, safi, kingo kali, naipa alama kuliko yenye vivuli vya kupuliza. Shika figa karibu na dirisha, angalia pale rangi mbili zinapokutana, mwisho wa glovu, ukingo wa buti, ukanda. Kama glovu imechongwa ukingo wake rangi itakaa, kama ni mkono mtupu uliopakwa tu utaona mstari unapanda na kushuka.

Na Daredevil wako hebu angalia kifuani. Toleo la kwanza la Aprili 1964 ana herufi D moja. Mbili zilikuja baadaye kidogo, na nguo nyekundu ikaja toleo la 7 kwa mkono wa Wally Wood. Kwa hiyo maisha ya ile nguo ya njano ni mafupi sana, matoleo sita tu, ndio maana naifurahia figa inayoonyesha ni ya toleo gani.

MzeeWaKenner
Vijana mnaongea figa za juzi zinazoiga komiki za kale. Mimi nakusanya figa ambazo zenyewe ni za kale, na vipimo vyake ni vingine kabisa, msimchanganye mgeni.

Chukua figa za kampuni ya Mego za 1972, inchi nane, nguo ni za kitambaa. Huwezi kuipima kwa ufanano na Kirby, utaionea. Pale unapima kama nguo ni ya kwake kweli, maana nguo na buti za kuigiza zinashonwa na kuuzwa mpaka leo, unapima kama mpira unaoshika viungo vya ndani bado umekaza au figa inalala ukiisimamisha. Kenner Super Powers za 1984 unabana miguu mikono inapiga, au unabana mikono miguu inarusha teke, kama chombo hicho kimekufa basi nusu ya figa imekufa hata rangi iwe mpya. Joho la kitambaa lipo? Na kwa ufanano hizo ndizo mfalme kwangu, kwa sababu zilienda pamoja na mwongozo wa michoro wa DC wa 1982 uliochorwa na José Luis García-López, michoro yake ndiyo unayoiona kwenye kadi za pakiti. Jack Kirby naye alichora upya wahusika wake kina Darkseid kwa ajili ya figa hizo. Sasa niambieni ni figa gani ya leo mchoraji mwenyewe alikaa mezani.

Secret Wars za Mattel ndio kichekesho, pale komiki ilitungwa ili figa ziuzike, sio kinyume chake. Ufanano ni wa kawaida, viungo vichache, ila Wolverine mwenye kucha zake zote bado zipo ni habari nyingine, zile kucha zinatoka na zilipotea kwa watoto wengi.

Na boksi. Kama unanunua ili uuze baadaye, utasikia habari za AFA, ni kampuni, wanaipa figa gredi na kuifungia kwenye kasha la plastiki ngumu. Sawa, lakini gredi ile inapima hali, kadi haina mkunjo, kiputo cha plastiki hakijapasuka wala hakijawa cha njano. Haisemi hata neno moja kama figa ni nzuri. Figa mbaya yenye kadi safi itapata gredi ya juu bila wasiwasi.

JointiKwanza
Mzee umemaliza. Niongeze tu kwamba hata kwa hizi mpya, zile za kwanza za Marvel Legends za Toy Biz mwaka 2002 zilikuwa zinakuja na komiki ndani ya pakiti, kwa hiyo ukitaka kuhakiki ulikuwa unafungua ukurasa palepale. Siku hizi unapewa mikono ya ziada na kichwa cha pili, sio vibaya, lakini mimi naomba komiki irudi.

KurasaZaKale
Daredevil ana D mbili, basi sio wa toleo la kwanza, nimeshamwandikia hivyo kwenye daftari langu. Swali la mwisho kabla sijawachosha: kifundo cha mguu wa kushoto cha huyuhuyu Daredevil hakigeuki kabisa, nikilazimisha naona plastiki inapauka kwenye shina. Hiyo naikata alama au ni kitu cha kurekebisha?

JointiKwanza
ACHA KULAZIMISHA HAPO HAPO. Ukiona inapauka ujue shina linajisokota, hatua inayofuata ni kubaki na mguu mkononi. Mara nyingi ni rangi imeganda ndani ya kiungo. Pasha maji yawe moto sana ila yasitokote, tumbukiza mguu mpaka juu ya kifundo kwa dakika moja hivi, toa, sukuma taratibu mbele na nyuma, mbele tu na nyuma usizungushe kwanza. Ikigoma rudia. Ikishaachia igeuze mara kadhaa mpaka ipoe ili isigande tena. Miguu iliyopinda ndani ya boksi unainyoosha kwa njia hiyohiyo ila ukishainyoosha unaizamisha kwenye maji baridi ishike. Alama mimi nakata kidogo, shina likiwa zima.

MzeeWaKenner
Hiyo ya maji moto ni kwa figa za plastiki na rangi mtupu. Mwenye Mego ya kitambaa au kitu kina stika asijaribu.