napari (programu ya Python ya kutazama picha): alama za kipanya zinasogea juu kushoto

kahawa_moshi: Wakuu, naombeni msaada. Nina picha ya darubini ya jani la kahawa lenye ugonjwa wa kutu: slaisi 60 (tabaka za kina), kila moja pikseli 1024 kwa 1024. Nimeifungua kwa scale=(1, 0.2, 0.2), yaani ukubwa wa hatua moja kwa kina (z), wima na mlalo, kwa mikromita. Nikibofya spora (chembe za uzazi za kuvu), fanksheni inachukua event.position (mahali pa kipanya) na kuitia kwenye leya ya Points (tabaka la alama) yenye scale ileile. Slaisi inakuwa sahihi, ila alama zinarundikana juu kushoto. Nikiburuta, picha nzima inahama. Tatizo ni nini?

tengeru_py: Mkuu, event.position huja kwa mikromita, si kwa pikseli. Ukibofya pikseli ya 512 unapewa 102.4, Points inazidisha tena kwa 0.2, alama inaangukia pikseli ya 102. Slaisi imepona kwa sababu tu scale ya z ni 1. Ingekuwa 2, ungezitafuta alama usizione. Geuza kwanza (picha ni leya ya picha yako, alama ni ile ya Points; bofya huku umeshika Control):

```
@picha.mouse_drag_callbacks.append
def weka(leya, event):
    if 'Control' in event.modifiers:
        alama.add(leya.world_to_data(event.position))
```

Leya ya picha iwe ndiyo imechaguliwa, la sivyo fanksheni haiitwi kabisa. Ukitaka kusoma mwanga wa pikseli uliyobofya, tumia np.round kisha kagua mipaka. Ukibofya nje kidogo unapata -3, na NumPy (maktaba ya Python ya safu za namba) itasoma upande wa pili wa picha bila kulalamika. Hilo huharibu data kimyakimya.

sakina_data: Picha inahama kwa kuwa kamera nayo inafuata kipanya. Ndani ya fanksheni hiyo, anza na leya.mouse_pan = False, weka yield (kusubiri tukio lijalo la kipanya), halafu `while event.type == 'mouse_move':` ukusanye nukta na kuweka yield tena. Kitanzi kikiisha, kitufe kimeachiwa: rudisha True hapo. Na alama.save('spora.csv') huandika pikseli, hivyo zidisha kwa scale kabla ya kupima umbali.

kahawa_moshi: Asanteni sana, alama zimekaa. Na kwenye 3D?

tengeru_py: Huko kipanya hakijui kina. Ita leya.get_ray_intersections(event.position, event.view_direction, event.dims_displayed). Utapata mahali mwale wa kutoka kwenye kamera unapoingia kwenye picha na unapotokea, tayari kwa pikseli. Ukipata None umebofya nje. Gawanya nafasi iliyo kati ya hizo mbili kwa np.linspace, chukua nukta yenye mwanga mkali zaidi. Tumia chaneli (rangi ya mwanga) ya spora peke yake, maana klorofili ya jani nayo hung'aa na itaivuta alama ndani.