MREJESHO: Farasi-bahari wangu sasa wanakula

Ndugu zangu, niliwauliza niandae vipi tangi la farasi-bahari, maana wangu wawili (Hippocampus erectus, waliozalishwa kwenye matangi, si wa kuvuliwa) walikuwa wakinyang'anywa chakula na samaki wengine. Asanteni sana kwa majibu.

Sasa wana tangi lao peke yao, lenye kina cha sentimita 60, kwani dume na jike hupanda juu pamoja wakati jike anapompa dume mayai ayabebe mfukoni mwake. Mkondo wa pampu nimeupunguza, mdomo wa chujio nimeufunika kwa sponji, na kuna mwani wa kujishikiza kwa mikia.

Kubwa kuliko yote ni joto. Aliyenionya maji yasipite nyuzi 24 amenisaidia mno: maji ya moto huchochea bakteria wa Vibrio, wanaowaozesha mkia. Hapa Florida, bila mashine ya kupoza maji haiwezekani.

Kwa kuwa hawana tumbo la kuhifadhi chakula, nawapa uduvi wa kugandishwa kidogo kidogo, mara tatu kwa siku, na mabaki nayatoa upesi.

Dume ameanza kuvimbisha mfuko wake mbele ya jike! Aliyewahi kulea vitoto vyao, naomba anielekeze: artemia (viduvi vidogo sana vya maji ya chumvi) walioanguliwa karibuni wanatosha kwa kuanzia?