Mrejesho: bastola ya kubeba kila siku

Wakuu, niliuliza kati ya Glock 19 na SIG P365 ipi inafaa kubebwa kila siku ndani ya suruali hapa Houston, Texas. Nimechukua P365.

Zote mbili zinatumia risasi za milimita 9. Glock 19 inabeba risasi 15 na inatulia zaidi mkononi, hilo halina ubishi. Ila mimi ni mwembamba, na joto la huku linataka fulana moja tu. Mpini wa Glock ulikuwa unachomoza kila nikiinama. P365 niliyochukua ni ya risasi 10, haionekani kabisa. Inarusha mkono zaidi, lakini hilo ni la mazoezi.

Mliosisitiza kifuko cha kubebea bastola, asanteni: nimechukua cha plastiki ngumu kinachofunika kifyatulio chote, na mkanda mgumu. Huo mkanda umenisaidia kuliko bastola yenyewe, jamani!

Tangu Septemba 2021 Texas hailazimishi leseni ya kubeba kwa mwenye miaka 21 au zaidi anayeruhusiwa kumiliki silaha. Nimeiomba hata hivyo, kwa kuwa huwa nasafiri majimbo mengine yanayoitambua. Usiku bastola inalala kwenye kasha lenye kufuli, maana watoto wapo.