Naomba ushauri: babu alizama na Khedive Ismail, 1944

Wakuu, habari zenu. Babu mzaa baba alikuwa askari wa mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Februari 1944 walipakiwa Mombasa kwenye meli Khedive Ismail, safari ya Ceylon (sasa Sri Lanka). Baba alikuwa bado tumboni. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga kwa torpedo. Dakika chache tu meli ikawa chini. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo manesi.

Kinachoninyima usingizi ni kilichofuata. Manowari za Uingereza, Petard na Paladin, ziliishambulia nyambizi kwa mabomu ya chini ya maji huku walionusurika wakiwa bado wanaelea pale pale. I-27 ikalazimika kuibuka, mwishowe ikamalizwa kwa torpedo. Shangazi hataki kabisa kusikia sehemu hiyo. Kwake babu aliuawa na Wajapani, basi.

Nilichonacho ni picha moja iliyoliwa na mchwa pembeni, jina lake la nyumbani na kijiji. Namba ya jeshi hatuna. Najua makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, yana kumbukumbu ya majina ya askari wasio na kaburi. Kuna aliyewahi kumpata mtu wake kwa jina moja tu? Nianzie pale au nyaraka za taifa? Na nitafute kwa tahajia gani, maana makarani wa jeshi waliandika walivyosikia?