Radieta ya mvuke: kitoa hewa kinapiga mluzi na kutema maji, nyingine nusu baridi

Mpangaji_Juu

Wakuu, naomba msaada kwa wanaojua mifumo ya zamani ya kupasha nyumba joto kwa mvuke. Boila iko chini kabisa ya jengo. Kila radieta ni ya chuma cha kalibu, ina bomba moja tu lenye vali, limeingia upande mmoja kwa chini. Upande wa pili, usawa wa katikati, kuna kidude cha rangi ya fedha chenye umbo la risasi. Hicho ndicho kinachonitatiza.

Radieta ya chumba cha mwisho inapata moto pingili tatu za kwanza tu, zilizobaki baridi. Kidude chake kimepakwa rangi pamoja na radieta. Ya sebuleni inawaka yote, lakini kidude kinapiga mluzi na kutema maji yenye kutu mpaka sakafuni. Nimeambiwa nitafute ufunguo nitoe hewa, ila sioni pa kuingiza ufunguo wowote. Hiki kitu kinafanyaje kazi, na nikibadilishe au kuna tatizo jingine?

---

MotoNaMaji

Ufunguo ni wa radieta za maji moto. Kule hewa haitakiwi. Ikijikusanya juu unaitoa mara moja, unafunga. Kwako hewa inaingia na kutoka kila boila inapozima na kuwaka.

Boila ikizima, mvuke uliomo kwenye radieta unapoa na kuwa maji. Ujazo wake unasinyaa takriban mara 1,700, kwa hiyo lazima kitu kijaze nafasi hiyo: hewa ya chumbani inanyonywa ndani kupitia kidude hicho, yaani kitoa hewa. Maji yanateremka kwa bomba lilelile moja na kurudi kwenye boila. Boila ikiwaka tena, mvuke unakuta mabomba na radieta zote zimejaa hewa, na hauingii mpaka hewa ipate pa kutokea. Usitegemee presha iisukume, kwani mfumo wa nyumbani unafanya kazi chini ya psi 2 (psi ni kipimo cha presha).

Sasa ndani yake. Kuna sindano ndogo iliyoelekea tundu la juu. Katika aina nyingi sindano imesimama juu ya kikopo chembamba kilichozibwa, chenye matone ya maji na alkoholi, mchanganyiko unaochemka kabla ya nyuzi 100. Kikiwa baridi, sindano iko chini na tundu liko wazi. Mvuke ukifika, mchanganyiko unachemka, kitako cha kikopo kinafura, sindano inapanda na kuziba. Kikopo hichohicho kinaelea, kwa hiyo maji yakijaa ndani nayo yanakiinua kifunge. Aina nyingine hutumia utepe wa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Ukipata moto unajikunja na kuziba tundu.

Kwa hiyo kilicho kizima hutoa hewa, hakitoi mvuke. Ukishika kioo kidogo karibu na tundu wakati radieta imeshawaka yote na kioo kikapata ukungu mfululizo, sindano haifungi tena.

Wengi huuliza kwa nini hakikuwekwa juu kabisa. Mvuke wa nyuzi 100 una uzito wa kilo 0.6 hivi kwa mita moja ya ujazo. Hewa ya chumbani ina kilo 1.2. Mvuke unatangulia juu, unavuka mpaka pingili ya mwisho, kisha unaisukuma hewa chini. Kitoa hewa kingekuwa kileleni kingeguswa na mvuke mapema na kufunga, hewa ikabaki imenaswa chini yake.

---

Bomba_Inchi2

Niongeze kwenye hayo matatizo mawili, maana hayana chanzo kimoja.

Chumba cha mwisho: rangi imeziba tundu, karibu nina uhakika. Subiri kipoe, kifungue, pulizia kwa mdomo kikiwa kimesimama wima. Hewa ipite bila kulazimisha. Kigeuze juu chini upulize tena. Chenye kikopo kinachoelea kitafunga kwa sababu sindano inaangukia tundu. Kikipita hewa kote kuwili, au kisipopita kabisa, ni kibovu. Cha uchafu tu unaweza kukichemsha kwenye siki kwa nusu saa, ukakitikisa maji yote yatoke, ukapulizia tena. Kilichopakwa rangi usipoteze siki yako, nunua kipya.

Tahadhari moja kabla hujalaumu kitoa hewa: siku isiyo na baridi kali, thamostati inaweza kutosheka na kuzima boila kabla mvuke haujafika pingili za mwisho. Radieta kuwa nusu ya moto siku kama hiyo ni kawaida, hasa nyumba za zamani ambazo radieta zake ni kubwa kuliko hitaji. Hukumu siku boila imewaka mfululizo kwa muda mrefu.

Sebuleni, anza na vali ya chini. Kwenye bomba moja, vali iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukiiacha katikati, mvuke unaopanda unakutana na maji yanayoshuka kwenye upenyo mwembamba. Maji yanashindwa kurudi, yanajaa pingilini, yanatokea kwenye kitoa hewa. Watu hufunga nusu wakidhani wanapunguza joto, kumbe wanatengeneza bwawa.

Kisha weka pima maji juu ya radieta. Lazima iinamie upande wa vali. Sakafu za zamani hushuka, na radieta nzito zikashuka nazo. Ingiza kabari au vibao vigumu chini ya miguu ya upande wa kitoa hewa, milimita 6 hivi za mwinamo zinatosha. Inua taratibu kwa nyenzo huku ukitazama kiungo cha vali, usije ukakikaza bomba likapasuka. Ukisikia bomba lenyewe linagongagonga chini ya sakafu, huenda hilo ndilo limelala bila mwinamo, na hapo utalazimika kuinua radieta nzima pande zote mbili ili bomba lipande kidogo.

---

JotoKali

Mimi ningefupisha: weka vitoa hewa vyenye tundu kubwa kuliko vyote kila chumba. Hewa itoke haraka, mvuke ufike haraka, kazi imeisha.

---

MotoNaMaji

@JotoKali hapana, hiyo ndiyo njia ya kuleta mluzi na kutema maji nyumba nzima. Mvuke ukikimbizwa kwenye radieta unabeba maji na kuyazuia yanayorudi. Halafu radieta zilizo karibu na boila zitajaa kwanza; na kama thamostati iko karibu na mojawapo, itazima boila wakati vyumba vya mbali bado baridi.

Haraka inatakiwa kwenye bomba kuu, si radietani. Bomba la inchi 2 linabeba lita 2 na ushee za hewa kwa kila mita. Mita 15 ni zaidi ya lita 30, na kama mwishoni mwa bomba kuu hakuna kitoa hewa kikubwa, au kipo na kimekufa, hewa yote hiyo inalazimika kupita kwenye vitundu vya radieta. Huo ndio mluzi unaousikia mara nyingi. Mtu anabadilisha cha sebuleni mara tatu, kelele ziko palepale, kwa sababu ubovu uko chini kwenye bomba kuu.

Kitafute karibu na mwisho wa bomba kuu, kabla halijashuka kurudi kwenye boila. Kinapaswa kukaa nyuma ya kiwiko cha mwisho kwa kama sentimita 40, na juu ya kibomba cha sentimita 15 au zaidi, ili maji yanayogonga kiwiko yasikivunje kikopo cha ndani. Vingi vimefungwa palepale juu ya kiwiko na ndiyo sababu havidumu. Angalizo: mabomba ya zamani yanaweza kuwa yamefunikwa na asbesto. Kama kuna kitambaa au plasta nyeupe iliyochakaa, usiikwangue wala kuivunja, aitwe mtu mwenye kibali.

Bomba kuu likishatoa hewa vizuri, ndipo upange radieta: tundu dogo kwa zilizo karibu na boila na kwa chumba chenye thamostati, tundu kubwa zaidi kwa za mbali na kwa radieta kubwa. Watengenezaji huvipa namba au herufi kwa kasi, na vipo vya kurekebisha kwa kuzungusha kifuniko. Badilisha kimoja, acha mfumo uzunguke siku moja au mbili, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vyote kwa mkupuo hutajua kipi kimeleta nini.

---

Mpangaji_Juu

Asanteni sana wakuu. Vali ya sebuleni kweli ilikuwa nusu, nimeifungua yote. Nimeomba kushuka na msimamizi wa jengo, geji ya boila inasoma psi 5 ikiwa inawaka. Na je, kufunga kipya kuna ujanja wowote? Naogopa kuvunja kitu.

---

Bomba_Inchi2

Psi 5 ni nyingi mno. Hapo umepata nusu ya jibu. Kila kitoa hewa kina presha ambayo kikishafunga hakiwezi kufunguka tena mpaka ishuke, kwa sababu mvuke unaibana sindano dhidi ya tundu. Ikipita kiwango hicho, hewa iliyobaki ndani ya radieta inafungiwa humo hata kama kitoa hewa kimeshapoa.

Msimamizi aangalie swichi ya presha ya boila. Kwa aina iliyozoeleka, mizani ya nje huwekwa psi 0.5, hapo ndipo boila inawaka, na gurudumu la ndani, linalopanga tofauti kati ya presha ya kuwaka na ya kuzima, huwekwa 1, kwa hiyo inazima ikifika 1.5. Kama ilikuwa tayari imewekwa hivyo na bado inafika 5, kifunguliwe kile kibomba kilichopinda duara chini ya swichi. Huziba kwa tope, swichi ikawa haioni presha. Hiyo ni kazi ya boila iliyozimwa na kupoa. Na kibomba kijazwe maji kabla ya kurudishwa, maana maji hayo ndiyo yanayozuia mvuke usiunguze swichi.

Aangalie pia kioo cha maji. Usawa uwe kati ya nusu na theluthi mbili. Maji yakirukaruka juu na chini boila inapochemka, yana mafuta au uchafu, na mvuke unaotoka una matone. Hayo matone hutokea kwenye vitoa hewa vyenu. Dawa yake ni kuengua uso wa maji kupitia tundu la boila lililowekwa kwa kazi hiyo, polepole sana, mpaka yatoke safi.

Kufunga kipya ni hivi. Boila izimwe na radieta ipoe kabisa. Mvuke unaotoka kwenye tundu la inchi 1/8 unachubua ngozi papo hapo. Zungusha cha zamani kinyume cha saa kwa mkono, kikigoma tumia spana kwenye shingo, si kwenye tumbo lake. Kikikatikia ndani, usigonge kwa nyundo, chuma cha kalibu hupasuka. Tumia kitoleo cha skrubu zilizovunjika. Safisha uzi wa tundu kwa kitambaa. Kama umeliwa, fundi anaweza kuupitishia tapu (kifaa cha kuchonga uzi) ya bomba ya inchi 1/8.

Kipya kizungushie tepu nyeupe ya mabomba raundi mbili au tatu kuelekea upande wa kukaza, ukiacha uzi wa kwanza wazi ili tepu isizibe mlango. Kaza kwa mkono, kisha ongeza kidogo kwa spana mpaka tundu la hewa liwe juu kabisa. Kikilala upande, maji hayatatiririka kurudi na sindano haitakaa sawa. Usikikaze kupita kiasi halafu ukakirudisha nyuma ili kinyooke, kitavuja. Na radieta ikipakwa rangi siku nyingine, kitoa hewa kitolewe kwanza.

---

DadaWaMajengo

Swali la nyongeza: chumba changu kinazidi joto. Naweza kuweka vali ya thamostati kwenye bomba la chini kama za maji moto?

---

MotoNaMaji

Dada, kwenye bomba moja si pale chini. Ingebana mvuke na maji kwa pamoja, turudi kwenye mabwawa yaleyale. Ya mfumo huu hufungwa kati ya radieta na kitoa hewa. Chumba kikitosheka, inazuia hewa isitoke, na mvuke haupati nafasi ya kuingia mzunguko unaofuata. Hakikisha ina kivunja utupu, ili radieta ikipoa hewa irudi ndani na maji yashuke. Bila hicho maji yanabaki juu na kuguguma. Na ujue mipaka yake: mvuke ukishajaa radieta, vali hiyo haiwezi kuuondoa. Itafanya kazi kwenye boila inayowaka na kuzima mara kwa mara, si ile inayowaka saa nzima mfululizo.

Kuhusu vinavyovuja mvuke, msivichelewe. Mvuke uliopotea hujazwa na maji mapya, na maji mapya huja na oksijeni inayokula chuma cha boila. Kama kioo cha maji kinashuka kila wiki na hakuna bomba linalodondosha, pita kila radieta na kile kioo kidogo.